Eldor Shomurodov na Ngazi za Katikati: Mhadhara juu ya Mchezaji wa Kulipwa kutoka Asia ya Kati

(Mhadhara uliotolewa Morogoro, Desemba 2025, mbele ya makocha, walimu wa michezo, viongozi wa soka wa wilaya na wanafunzi.)

  Nawaona makocha wa watoto kwenye viti vya nyuma. Mengi nitakayoyasema yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Nimeombwa kuzungumza juu ya maisha ya kazi ya mchezaji wa kulipwa. Ningeweza kumchukua Mbrazili au Mfaransa, na kila mtu angekuwa anajua hadithi yake kabla sijafungua kinywa. Nimemchagua mtu wa Uzbekistan, nchi ya watu wapatao milioni 37 katikati ya Asia, isiyo na bahari, na iliyozungukwa na majirani ambao nao hawana bahari. Mtu huyo ni Eldor Shomurodov, mshambuliaji, nahodha wa timu ya taifa iliyokuwa ya kwanza kutoka Asia ya Kati kufuzu Kombe la Dunia.

Dhamira yangu ni kuonyesha kwamba mchezaji wa nchi isiyo na jina kubwa kisoka hujengwa na ngazi za katikati. Nazungumzia zile klabu ambazo jezi zake haziuzwi Kariakoo, ligi ambazo televisheni zetu hazionyeshi, na miaka ambayo magazeti hayana la kuandika juu yake. Hoja zangu ni nne. Ya pili ndiyo ndefu, na nawaomba subira.

1. Alizaliwa juu ya historia nzito

Shomurodov alizaliwa tarehe 29 Juni 1995 huko Jarqo‘rg‘on, mkoa wa Surxondaryo, kusini kabisa mwa Uzbekistan, karibu na mpaka wa Afghanistan. Nchi yenyewe ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru, baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti. Katika soka ilikuwa changa zaidi, maana ilikuwa imejiunga na FIFA mwaka 1994 tu.

Lakini Wauzbeki hawakuanza kupenda mpira mwaka huo. Enzi za Kisovieti walikuwa na Pakhtakor ya Tashkent, klabu yao iliyofika ligi ya juu ya dola lile kubwa. Tarehe 11 Agosti 1979 ndege mbili za abiria aina ya Tu-134 ziligongana angani juu ya Ukraine, na watu 178 wakafariki. Miongoni mwao walikuwa wachezaji na viongozi 17 wa Pakhtakor, waliokuwa safarini kwenda Minsk kucheza mechi ya ligi. Klabu nyingine zilitoa wachezaji ili Pakhtakor isife. Hata leo ukizungumza na Mtashkent wa makamo juu ya mpira, hutachelewa kufika kwenye ndege ile.

Baada ya uhuru ikaja furaha ya haraka. Mwaka 1994, katika mashindano yao makubwa ya kwanza, Wauzbeki walitwaa medali ya dhahabu ya soka kwenye Michezo ya Asia huko Hiroshima. Kisha zikafuata njozi za Kombe la Dunia, na kila moja ilikatika mlangoni.

Niruhusuni niwaeleze mechi moja, kwa kuwa waamuzi mliopo mtaielewa kuliko sisi wengine. Ni tarehe 3 Septemba 2005, Tashkent, mchujo wa kuwania Kombe la Dunia la 2006 dhidi ya Bahareni. Uzbekistan inaongoza 1-0. Kabla ya mapumziko wanapata penalti, na Server Djeparov anaifunga. Ila mwenzake mmoja ameingia ndani ya boksi kabla mpira haujapigwa. Sheria inasema wazi kwamba katika hali hiyo penalti irudiwe. Mwamuzi, raia wa Japani, akawapa Bahareni mpira wa adhabu. Mechi ikaisha 1-0. Wauzbeki wakalalamika FIFA, wakitaka wapewe ushindi wa 3-0. FIFA ikakubali kwamba mwamuzi amekosea sheria, kisha ikafuta mechi yote na kuamuru irudiwe. Ushindi wa 1-0 ukapotea. Marudiano yakaisha 1-1 Tashkent, kisha 0-0 Manama, na Bahareni wakasonga mbele kwa bao la ugenini.

Mwaka 2013 wakatolewa tena kwenye mchujo, nyumbani kwao, na Yordani, kwa mikwaju ya penalti 9-8. Mwaka 2017 walihitaji kuwafunga Korea Kusini mjini Tashkent, wakaishia sare ya 0-0. Mtoto wa Jarqo‘rg‘on alikuwa na miaka 10 msiba wa kwanza ulipotokea, 18 wa pili ulipokuja, na 22 ulipofika wa tatu. Kijana aliyelelewa hivyo anapovaa jezi ya taifa huwa amebeba deni ambalo yeye hakulikopa.

2. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na baadhi zilimrudisha chini

Shomurodov alikuzwa na Mash‘al, klabu ya mji wa Muborak katika mkoa wa Qashqadaryo, mji unaoishi kwa gesi asilia. Huko ndiko alikocheza ligi kuu kwa mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka 18 au 19. Mwaka 2015 akahamia Bunyodkor ya Tashkent, na hapa nataka tusimame.

Bunyodkor ndiyo klabu iliyoushangaza ulimwengu mwaka 2008 ilipomsajili Rivaldo, bingwa wa dunia wa 2002, akiwa na miaka 36. Zico alikuja kuifundisha. Baada yake akaja Luiz Felipe Scolari. Fedha zilimwagwa kama maji. Klabu ilitwaa mataji ya nyumbani na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia, lakini taji la bara halikuja. Wakubwa wakaondoka, na fedha nazo zikaondoka.

Shomurodov alifika baada ya sherehe kwisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati yake kubwa ya kwanza. Klabu isiyo na uwezo wa kununua wazee maarufu hulazimika kuwaamini vijana. Akapata dakika za kucheza, akafunga, na mwaka huohuo wa 2015 alikuwemo kwenye kikosi cha vijana wa chini ya miaka 20 kilichofika robo fainali ya Kombe la Dunia huko New Zealand. Viongozi wa klabu mliopo hapa, mnapopanga bajeti ya usajili wa wakongwe kutoka nje, mkumbukeni Rivaldo wa Tashkent, kisha mjiulize ni nani aliyebaki kuwa faida ya taifa lile.

Mwaka 2017 akauzwa Rostov, kusini mwa Urusi. Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu hatua hiyo ndiyo wengi wetu tunaidharau. Rostov ni klabu ya katikati ya ligi ya Urusi. Lakini Kirusi bado ni lugha inayosikika sana Uzbekistan, na ligi ile ni ngumu, yenye mabeki wenye miili mikubwa, uwanja ulioganda na safari ndefu. Misimu ya mwanzo mabao yalikuwa machache. Alikuwa akijifunza kupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, huku amebanwa na mtu mwenye kilo 15 zaidi yake. Kocha Valery Karpin akaendelea kumpanga. Katika msimu wa 2019/20 mabao yakafika tarakimu mbili, na Ulaya Magharibi ikaanza kupiga simu. Hesabuni basi. Tangu ligi kuu ya nyumbani hadi Italia ni zaidi ya miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna hata siku moja ambayo jina lake lilikuwa mdomoni mwa dunia.

Oktoba 2020 akajiunga na Genoa. Ilikuwa klabu ya kupigania kubaki daraja la juu, na aliifungia mabao 8 kwenye ligi katika msimu wake wa kwanza. Hayo yalitosha kwa Roma kulipa zaidi ya euro milioni 17 kumchukua, mwanzoni mwa Agosti 2021, chini ya kocha José Mourinho. Tarehe 19 ya mwezi huohuo akafunga bao la ushindi dhidi ya Trabzonspor huko Uturuki.

Hapo ndipo hadithi nyingi za magazeti huishia, kijana amefika, tumshangilie. Lakini wiki mbili tu baada ya yeye kusajiliwa, Edin Džeko alikuwa ameondoka na Roma ikamleta Tammy Abraham kutoka Chelsea kwa takriban euro milioni 40. Klabu ikishalipa fedha kama hizo kwa namba tisa, namba tisa huyo atacheza, na Abraham alicheza vizuri. Shomurodov akasugua benchi. Mei 2022, mjini Tirana, Roma iliifunga Feyenoord 1-0 na kutwaa taji la kwanza la Conference League, na Mwuzbeki huyu akavaa medali ya Ulaya. Hata hivyo miezi minane baadaye alipelekwa kwa mkopo Spezia, na Spezia ikashuka daraja. Msimu uliofuata akapelekwa tena kwa mkopo, Cagliari, kwa mzee Claudio Ranieri. Safari hii timu ilibaki daraja la juu.

Ndugu zangu, mchezaji wa mkopo huishi maisha ya upweke. Hupanga nyumba ambayo hajui kama mwakani ataipanga tena. Mashabiki wa klabu inayomkopa hawamwiti wao, na wa klabu inayommiliki wameshamsahau. Wengi huvunjikia hapo, wakarudi nyumbani au wakaenda kwenye ligi zenye fedha nyingi na ushindani mdogo. Yeye alirudi Roma kwa msimu wa 2024/25, bado si chaguo la kwanza.

Msimu huo Ranieri naye aliitwa kuiokoa Roma, naye alimjua kijana wake. Tarehe 6 Aprili 2025, uwanja wa Olimpico, Juventus wanaongoza 1-0 kwa bao la Manuel Locatelli. Shomurodov anatokea benchi kipindi cha pili. Dakika ya 49 inapigwa kona, kichwa kinapigwa, kipa anautema mpira, na aliye karibu kuliko wote ni yeye. Bao, 1-1. Anayelitazama haraka ataliita bao la bahati. Makocha mliopo mnajua kwamba mshambuliaji hawezi kuwa mahali pale kwa bahati. Anakuwa pale kwa sababu kwa miaka mingi, kwenye mazoezi ambayo hakuna aliyeyatazama, amekuwa akiukimbilia kila mpira ambao kipa anaweza kuutema.

Majira ya joto ya 2025 akaenda Başakşehir ya Istanbul, akapangwa tena kama mshambuliaji mkuu. Alikuwa ametimiza miaka 30.

3. Aliyekuwa akiba ugenini alikuwa nguzo nyumbani

Hoja hii nitaipita upesi, kwa kuwa matokeo yanajieleza. Kabla yake, mfungaji bora wa historia ya Uzbekistan alikuwa Maksim Shatskikh, mwenye mabao 34 katika mechi 61. Shatskikh ndiye aliyejaza nafasi ya Andriy Shevchenko pale Dynamo Kyiv mwaka 1999, na mara mbili akawa mfungaji bora wa ligi ya Ukraine, kwa mabao 20 na kisha 22. Shomurodov amempita kwa mabao ya taifa, na mengi ya mabao hayo aliyafunga katika miaka ileile ambayo klabu ilimweka benchi au kumtoa kwa mkopo.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu tuna mazoea ya kumhukumu mchezaji wa taifa kwa dakika anazopata ugenini. Akikaa benchi mwezi mmoja, redioni tunaanza kuuliza kwa nini ameitwa. Makocha wa Uzbekistan, Srečko Katanec na baada yake Timur Kapadze, hawakuyumba. Utepe wa unahodha ulibaki mkononi mwake. Tarehe 5 Juni 2025, Abu Dhabi, walitoka sare ya 0-0 na Falme za Kiarabu, nayo ikatosha. Baada ya majaribio ya zaidi ya miaka 25 wakawa wamefuzu. Siku hiyohiyo Yordani, waliowatoa kwa penalti mwaka 2013, walifuzu pia kwa kuifunga Oman 3-0 mjini Muscat.

4. Nyuma yake kuna mlango ulio wazi, na mfumo unaopitisha watu

Abdukodir Khusanov, beki wa kati, alizaliwa Tashkent tarehe 29 Februari 2004. Baba yake aliwahi kuichezea timu ya taifa. Alikulia kwenye akademia ya Bunyodkor, ileile klabu iliyokuwa imemaliza fedha za Rivaldo. Akiwa na miaka 18 akaenda Energetik-BGU ya Minsk, klabu ndogo ya Belarusi. Katikati ya mwaka 2023 Lens ya Ufaransa ikamchukua kwa ada iliyotajwa kuwa karibu na euro 100,000. Januari 2025 Manchester City ikamnunua kwa takriban euro milioni 40, akawa Mwuzbeki wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England.

Mechi yake ya kwanza, tarehe 25 Januari dhidi ya Chelsea, ilianza vibaya. Dakika ya tatu alijaribu kumrudishia kipa mpira kwa kichwa, ukawa mfupi, Nicolas Jackson akaunasa, Noni Madueke akafunga. Muda mfupi baadaye akaonyeshwa kadi ya njano. City walishinda 3-1 hata hivyo, na kijana akaendelea kupangwa katika mechi zilizofuata. Narudia hatua zake: Tashkent, Minsk, Lens, Manchester. Ni ngazi zilezile za katikati. Amezipanda upesi zaidi, lakini hakuruka hata moja.

Khusanov hakuota mwenyewe. Alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Asia la vijana wa chini ya miaka 20 mwaka 2023 mjini Tashkent, kwa kuifunga Iraki 1-0. Aprili 2025 wadogo zao wa chini ya miaka 17 waliwafunga Saudi Arabia 2-0 katika fainali, huko kwao Taif, wakiwa wamebaki tisa uwanjani. Mwaka 2024 walishiriki soka la Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Paris, na Shomurodov alikuwa nahodha akiwaongoza vijana wadogo kwake. Hapo utaona kazi ya mtangulizi kwa macho: chumba kimoja cha kubadilishia nguo, mtu aliyevumilia Rostov na Spezia, na kijana anayetoka Lens.

Tukirudi kwetu, sisi pia tunaye mtangulizi. Mbwana Samatta alipanda kutoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2015, akaenda Genk ya Ubelgiji, kisha Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo aliifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Lubumbashi na Genk zilikuwa Rostov na Genoa yake. Tofauti yetu na Wauzbeki inaanza baada yake, kwa sababu kutoka mlangoni pale wamepita wachache mno.

Sababu mojawapo ni karatasi, na hili nawaambia viongozi wa wilaya moja kwa moja. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zote zilizomfundisha kati ya mwaka wake wa 12 na wa 23. Chukueni ada ya euro milioni 40. Asilimia 5 yake ni milioni 2. Klabu iliyomlea mtoto alipokuwa na miaka 12, 13, 14 au 15 hupata euro 100,000 kwa kila mwaka. Iliyokuwa naye kuanzia miaka 16 hupata 200,000 kwa kila mwaka. Hata ada ikiwa milioni moja tu, klabu ya mtaani inapata 2,500 kwa mwaka mmoja wa utotoni, fedha za kununua mipira ya msimu mzima. Sharti lake ni kwamba mtoto awe amesajiliwa rasmi, kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Daftari lisilokuwepo halilipwi. Na tarehe ya uongo, tuliyozoea kuivumilia kwenye mashindano ya watoto, inaipotezea klabu fedha hizo na kumharibia kijana safari yake.

Juni 2026 Uzbekistan watakuwa Amerika Kaskazini, chini ya kocha mpya Fabio Cannavaro, kundi moja na Ureno, Kolombia na mshindi wa mchujo ambao ndugu zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo ndani yake. Mwaka unaofuata, 2027, Tanzania, Kenya na Uganda tutaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Watoto watakaojaa viwanjani siku hizo wana miaka 12 na 13 leo.

Ndiyo maana ombi langu kwa kila kiongozi wa wilaya na kila kocha aliyemo humu ni hili. Kabla ya mwezi wa pili kwisha, fungueni daftari la usajili la watoto wenu kuanzia miaka 12, lenye cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, na liingizeni kwenye mfumo wa shirikisho. Na klabu ya Minsk, ya Lubumbashi au ya mji mdogo wa Ubelgiji ikimwomba kijana wenu wa miaka 18, msiikatae kwa kusubiri Manchester. Mwacheni aende, na wekeni kwenye mkataba kipengele cha kupata asilimia ya mauzo yake yajayo.